Kisanduku cha bakteria wa tumboni na "umri wa mishipa": mkaguzi wa mizani akikipima

Nimekipa nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya ufungashaji tu. Ya pili nitaieleza huko mbele, maana ipo sehemu moja ya huduma hii iliyonisaidia kweli, ingawa siyo ile wanayoitangaza.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi yangu ilikuwa kwenda na mawe yangu ndani ya sanduku la mbao, kuyaweka juu ya mizani ya mtu, na kumwambia kama anawapunja wateja au anajipunja mwenyewe. Kazi ile humharibu mtu. Ukishaizoea, huwezi kuona namba ikitoka kwenye chombo bila kujiuliza: nikipima tena itatoka ileile? Na imelinganishwa na nini? Nina miaka 67, nina presha inayodhibitiwa kwa dawa, na kolesteroli ambayo daktari anaiita "ya kuangalia". Kisanduku hiki nilinunuliwa na binti yangu, kwa nia njema kabisa, baada ya kusikia kwamba bakteria wa tumboni huzeesha mishipa ya damu. Jina la kampuni silitaji. Bidhaa za aina hii zimekuwa nyingi na zinafanana mno, nisije nikamfanya mtu aikimbie moja akaangukia nyingine yenye kasoro zilezile.

Ndani mna vitu vinne: kifaa cha kuchukulia sampuli ya choo, kibano cha kuvaa kidoleni kinachoongea na simu, chupa ya kapsuli za probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, na namba ya kufungulia programu yao. Juu ya mfuniko wameandika kwa herufi kubwa kwamba utaujua umri halisi wa mishipa yako, utawajua bakteria wanaoizeesha, na utarudisha miaka nyuma.

Upande wa sampuli wamejitahidi. Karatasi ya kutandaza juu ya choo ni ngumu, haichaniki, na gundi yake inashika. Kijiko kimeungana na kifuniko, kwa hiyo hakuna kuhangaika na kitu mkononi. Bomba dogo lina dawa ya kuhifadhi na mstari mwekundu wa kukuonyesha mwisho wa kujaza. Maelezo yana picha ya zile aina saba za choo zilizopangwa na watafiti wa Bristol, Uingereza, kuanzia vigololi vikavu hadi maji matupu, na unatakiwa kutia alama kwenye aina yako. Hakuna aibu wala maneno ya kuzungukazunguka. Nyota ya kwanza ni ya hapo.

Ila wanakuambia uchukue kijiko kimoja, popote. Hapo ndipo nilipokunja uso. Kinyesi si uji uliokorogwa. Upande mmoja haufanani na mwingine, na bakteria wa juu si lazima wawe ndio wa katikati. Mtu anayetaka kupima gunia la nafaka hachoti punje za juu juu tu akaondoka.

Bahati nzuri binti yangu alinunua visanduku viwili, kimoja cha mama yake. Mama yake alikikataa palepale: "Mimi choo changu sikisafirishi kwa posta." Nikamwomba aniachie cha kwake, akakubali kwa sharti kwamba nisimwambie mtu. Basi asubuhi moja nilichukua sampuli mbili kutoka choo kimoja, sehemu mbili tofauti. Moja ikaenda kwa jina langu, nyingine kwa jina lake. Umri, uzito, jinsia, vyote nilijaza vyangu kwenye akaunti zote mbili. Jina tu ndilo lililotofautiana. Zilitumwa siku moja, kwa njia moja, kwenye maabara moja.

Majibu yalikuja kwa rangi nzuri sana. Akaunti yangu: utofauti wa bakteria 6.1 kati ya 10, "juu ya wastani, hongera". Akaunti ya mwenzangu: 4.4, "unahitaji kuchukua hatua". Kwangu bakteria aitwaye Akkermansia muciniphila "yuko vizuri", kwake "hakuonekana". Kwangu uwezo wa kuzalisha TMA, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa ile inayosemwa kudhuru mishipa, ulikuwa "wa juu". Kwake "wa wastani". Mimi nikashauriwa kupunguza mayai. Yeye akashauriwa kuongeza kapsuli.

Choo kimoja, mtu mmoja, asubuhi moja.

Mizani ya namna hiyo ningeifunga kwa lakiri nikaondoka nayo. Niliwaandikia, nikiwaeleza nilichofanya bila kuficha. Binti mmoja wa huduma kwa wateja akanijibu kwa adabu sana: "Samahani mzee wangu, tofauti kama hizo ni za kawaida kwa mfumo hai." Nami sina ugomvi na hilo. Lakini kama tofauti hizo ni za kawaida, kwa nini namba ina nukta na desimali? Mtu anayejua kwamba mizani yake inayumba kwa kilo mbili hawezi kukuandikia gramu.

Nikaanza kusoma, kwa kuwa sasa nilikuwa na muda na hasira kidogo. Kumbe tatizo hili wenyewe wa fani wanalijua. Mashine za maabara husoma vinasaba vya bakteria, na njia ya bei nafuu inasoma kipande tu cha jeni moja, ile inayoitwa 16S, halafu kompyuta inakilinganisha na orodha na kukisia ni bakteria gani. Kila maabara ina namna yake ya kupasua seli, orodha yake, na programu yake. Ndiyo maana Machi 2025 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kitu ambacho mkaguzi yeyote wa vipimo angekifurahia: kinyesi cha rejea. Ni vichupa vya kinyesi cha binadamu kilichochunguzwa kwa kina, cha wanaokula nyama na cha wasiokula, ili maabara ziweze kukipima na kuona kama majibu yao yanakaribiana na yale yanayojulikana. Yaani jiwe la kilo moja la fani hii ndiyo kwanza limepatikana juzi. Mwaka 2024 nao wataalamu kutoka nchi mbalimbali walichapisha makubaliano yao kwamba ushahidi wa kutumia vipimo hivi kwenye tiba za kawaida bado ni mdogo, na hawakupendezwa na watu kujiagizia bila kupitia kwa daktari. Katika kijitabu cha kisanduku changu hilo halimo.

Sasa niitendee haki sayansi yenyewe, kwa sababu si uzushi. Habari ya bakteria wa tumbo na mishipa ina mizizi, tena inavutia kuliko kijitabu chao kinavyoieleza.

Mwaka 2011 kundi la Stanley Hazen katika Cleveland Clinic, Marekani, lilionyesha njia yenyewe. Ukila kiini cha yai au nyama unapata kolini. Baadhi ya bakteria kwenye utumbo huivunja na kutoa TMA, gesi yenye harufu ya samaki aliyeoza. Gesi hiyo inapita kwenye damu hadi ini, na huko kimeng'enya kiitwacho FMO3 kinaigeuza kuwa TMAO. Mwaka 2013 kundi hilohilo likaonyesha kwamba karnitini ya nyama nyekundu hupita njia ileile, na kwamba mtu asiyekula nyama kabisa, ukimpa karnitini, hatoi TMAO nyingi kama mla nyama, kwa sababu bakteria wake hawajazoea kazi hiyo. Waliojitolea wakipewa antibiotiki, TMAO ilikaribia kutoweka. Dawa ilipoachwa, ikarudi. Hapo huna shaka kwamba bakteria wamo ndani ya mchezo. Mwaka huohuo walichapisha matokeo ya watu 4,007 waliokwenda kupigwa picha ya mishipa ya moyo, wakafuatiliwa miaka mitatu: robo ya watu wenye TMAO nyingi zaidi walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara 2.5 zaidi ya robo yenye TMAO ndogo zaidi.

Hiyo ni habari ya moyo. Ya uzee wa mishipa imetoka zaidi Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, kwa Vienna Brunt, Douglas Seals na wenzao. Mwaka 2019 waliwapa antibiotiki panya wachanga na panya wazee. Kwa wachanga hakuna kilichobadilika. Kwa wazee, mishipa iliyokuwa imekakamaa ikalainika na utando wake wa ndani ukafanya kazi karibu na wa panya wachanga. Mwaka 2020 wakaja na upande wa pili: walipowalisha TMAO panya wa miezi 12, mishipa yao ikafanana na ya panya wa miezi 27. Kwa hesabu ya binadamu ni kama kumtoa mtu wa miaka 35 na kumpeleka kwenye 80.

Kinachotokea ndani ni hiki, kwa kadiri nilivyokielewa. Mshipa wa ateri una utando mwembamba wa seli kwa ndani, na seli hizo hutoa gesi ya nitriki oksidi inayouambia mshipa ulegee. (Waliogundua kazi ya gesi hiyo, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.) TMAO ikizidi, zinaongezeka chembe kali za oksijeni ambazo huimeza nitriki oksidi kabla haijafanya kazi. Mshipa haupokei ujumbe wa kulegea, unabaki umekaza, na kadiri miaka inavyokwenda ukuta wake wenyewe unakakamaa. Moyo unasukuma damu kwenye kitu kisichonyumbulika, na namba ya juu ya presha inapanda. Sisi wazee wengi namba ya juu ndiyo inayotusumbua, ya chini iko sawa. Sababu kubwa ni huko kukakamaa.

Kijitabu cha kampuni kimechukua hayo yote na kuyageuza sentensi moja: "Imethibitishwa kwamba bakteria wabaya huongeza hadi miaka 45 kwenye mishipa yako." Nilikaa nikitafuta hiyo 45 imetoka wapi. Wametoa 35 kwenye 80. Panya hawakutajwa popote.

Na hata hiyo TMAO hawakuipima! Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. TMAO hupimwa kwenye damu. Wao walitazama orodha ya bakteria, wakakisia ni wangapi wanaweza kutoa TMA, wakaniandikia "uwezo wa juu". Lakini jeni ya kuvunja kolini, cutC, inaweza kuwepo kwa bakteria mmoja na kukosekana kwa mwenzake wa spishi ileile. Kusoma jina la spishi hakukuambii kama huyu wa kwako anayo. Ni kama kuhukumu mtu kwa jina la ukoo wake.

Halafu kuna samaki. Programu iliniambia nipunguze samaki "kwa sababu ya TMAO". Ni kweli samaki wa baharini wana TMAO moja kwa moja mwilini mwao, na ukila tu, kipimo cha damu hupanda juu sana. Lakini watu wanaokula samaki, kwa ujumla, moyo wao si mbaya. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri samaki mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo TMAO ya leo kwenye damu si lazima iwe hukumu ya mishipa. Tena TMAO hutolewa na figo, na figo zikichoka, kama zinavyochoka kwa wengi wetu wenye umri, TMAO inabaki kwenye damu hata kama bakteria hawajabadilika. Mtu akikuletea namba bila kuuliza habari za figo zako, muulize wewe.

Fomu yao ya maswali ni ndefu, inauliza hadi ninalala upande gani, lakini haikuuliza kama nimetumia antibiotiki karibuni, wala kama natumia dawa za kupunguza asidi tumboni au metformini ya kisukari. Dawa hizo zinajulikana kubadilisha bakteria wa utumbo waziwazi. Mwenzangu anatumia ya asidi kila siku. Kama angekubali kupima, wangeandika ripoti ya dawa yake wakadhani ni ripoti ya tumbo lake.

Sasa kibano cha kidole.

Kinatumia mwanga unaopita kwenye ngozi na kuona damu inavyojaa na kupungua kwa kila pigo. Wazo lenyewe si baya: wimbi la pigo likigonga mwisho wa mishipa hurudi, na kwenye mishipa iliyokakamaa hurudi mapema, hivyo umbo la wimbi hubadilika. Nilikivaa nikiwa nimekaa kitini, nimetulia. Umri wa mishipa: 74. Nikashika maji ya baridi, nikajifuta, nikavaa tena. 81. Nikavaa glovu mpaka mkono ukapata joto. 72. Hadi hapo nilikuwa tayari kuwasamehe, kwa kuwa mishipa midogo ya vidole hujibana kwa baridi, jambo linalojulikana, ingawa walipaswa kuliandika.

Kisha nikaingia kwenye wasifu, nikabadilisha mwaka wa kuzaliwa, nikajifanya nina miaka 45. Kidole kilekile, kiti kilekile, mkono una joto lilelile. Mishipa ikawa na miaka 50.

Nikacheka peke yangu sebuleni. Chombo kinauliza umri wako, kinaongeza kidogo, kinakurudishia. Ukivaa kila asubuhi, siku moja kitaongeza kidogo zaidi na siku nyingine kidogo pungufu, na hapo utaona "maendeleo". Ndugu msomaji, kama una kifaa cha jamii hii nyumbani, jaribu hilo la mwaka wa kuzaliwa. Ni bure.

Kipimo cha kweli cha kukakamaa kipo. Wanaweka kihisi kimoja shingoni na kingine kwenye kinena, wanapima pigo linachukua muda gani kutoka huku hadi kule, wanagawanya umbali kwa muda. Kinatoa mita kwa sekunde, kipimo ambacho hata mimi nakielewa. Kadiri mshipa ulivyo mgumu ndivyo wimbi linavyokimbia. Kupita mita 10 kwa sekunde wataalamu wanahesabu mishipa kuwa imekakamaa. Kipimo hicho ndicho walichotumia watafiti wa King's College London na Nottingham kwa wanawake mapacha 617, matokeo yakatoka mwaka 2018: waliokuwa na bakteria wa aina nyingi tumboni walikuwa na mishipa laini zaidi. Na bakteria walieleza asilimia 8.3 ya tofauti kati ya mtu na mtu, wakati mafuta ya ndani ya tumbo yalieleza 1.8. Naipenda namba hiyo ya 8.3. Ni namba ya mtu mkweli. Inasema bakteria wamo, na inasema pia kwamba sehemu kubwa iko kwingine: umri, presha, sigara, sukari, ulichorithi.

Kapsuli nizungumzie kwa haraka. Lebo inasema bilioni 50 za bakteria hai "wakati wa kutengenezwa". Wakati wa kutengenezwa hainihusu, mimi nameza leo; lebo ya maana husema ni wangapi watabaki hai hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Imetaja spishi bila kutaja aina ndogo, ile namba au herufi za mwisho zinazoonyesha ni bakteria yupi hasa aliyejaribiwa kwa watu. Na hakuna hata mmoja kwenye orodha aliyeonyeshwa kulainisha mishipa ya binadamu mzee. Akkermansia wanayemsifu kwenye ripoti hayumo ndani ya chupa. Huyo alielezwa na watafiti wa Wageningen, Uholanzi, mwaka 2004, na jaribio la Ubelgiji lililochapishwa 2019 liliwapa watu wenye uzito mkubwa kwa miezi mitatu. Aliyeuawa kwa joto alifanya vizuri kuliko aliye hai, jambo ambalo lilinishangaza. Insulini ilifanya kazi vizuri zaidi na kolesteroli ikashuka kidogo. Washiriki 32 ndio waliomaliza. Ni mwanzo mzuri, ila huwezi kuujengea duka. Kwangu kapsuli zilileta gesi nyingi, baadaye gesi ikapungua, na hilo ndilo badiliko pekee ninaloweza kuliapia.

Sasa nyota ya pili.

Ndani ya programu, chini kabisa, kuna ukurasa wa daftari ambao hawautangazi. Unaweza kuandika presha kutoka mashine yako ya mkononi na ulichokula. Ukiandika kwa muda, mshauri wa lishe anakupigia kwa video. Niliyempata mimi alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alianza: "Baba, kabla sijasema lolote, niambie unapimaje presha." Nikamweleza. Akanisahihisha pole pole: kaa dakika tano kwanza bila kuongea, mgongo uegemee, miguu isikunjwe nne, mkono ulingane na moyo, pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni. Huyo anajua vipimo! Nilifurahi kama nimekutana na mfanyakazi mwenzangu wa zamani.

Kisha akaona kitu ambacho kibano na ripoti za rangi hazikukiona: presha yangu ya asubuhi, kabla ya dawa, ilikuwa juu kila mara, ya jioni ikiwa sawa. Hakunibadilishia dawa wala hakujifanya daktari. Alisema, "Peleka daftari hili kwa daktari wako." Nikalipeleka. Daktari akalipitia mstari kwa mstari, akabadilisha dawa. Ripoti ya bakteria niliyompa akaigeuza, akaangalia mbele na nyuma, akanirudishia: "Mzee, hii katunze mwenyewe." Alichoniagiza badala yake ni kipimo cha figo na cha sukari.

Ushauri wa chakula wa yule mama nao ulikuwa wa kawaida mpaka nikashuku kama kweli ameajiriwa na kampuni hii. Nyuzinyuzi angalau gramu 25 kwa siku, ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitoa mwaka 2023, na chumvi isizidi gramu 5. Alinieleza kwamba nyuzinyuzi sisi hatuwezi kuzimeng'enya; wanaozimeng'enya ni hao bakteria wa utumbo mpana, na wakizila hutoa asidi fupi za mafuta, asetati, propionati na butirati, ambazo utumbo huzitumia na nyingine huingia kwenye damu. Akasema niongeze kidogo kidogo, la sivyo tumbo litajaa gesi nitaacha. Nilimuuliza kama itarudisha mishipa yangu nyuma miaka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba, mimi sina kipimo cha hilo." Nikataka kumkumbatia kupitia simu.

Tatizo ni kwamba ili umfikie mtu huyu unapaswa kwanza kununua kisanduku chote, pamoja na kibano kinachorudisha umri wako na kapsuli za gesi. Kama wangemuuza yeye peke yake na mashine nzuri ya presha, ningetoa nyota nne.

Mambo ya kiutawala, kwa atakayenunua hata baada ya kusoma haya. Kapsuli hujiagiza zenyewe kila mwezi. Kitufe cha kusitisha hakiko chini ya "Malipo" ambako kila mtu angekitafuta. Kiko chini ya "Anwani ya kupokelea", ukisogeza hadi mwisho. Kabla ya kutuma sampuli, soma fomu ya idhini ukurasa wa pili: kuna kisanduku kidogo ambacho tayari kimewekewa alama ya vema, kinachowaruhusu kuhifadhi sampuli yako na kuitumia kwenye utafiti wao. Choo kina vinasaba vyako wewe pia, si vya bakteria tu. Ondoa hiyo alama kama hutaki. Ombi la kufuta taarifa linapitia barua pepe, na wanataka kitambulisho kinacholingana na ulichojaza. Akaunti yangu waliifuta bila usumbufu. Ya mwenzangu bado wanasumbua, kwa sababu kitambulisho chake kinasema ni mwanamke na tarehe ya kuzaliwa haifanani, na kila wiki wanamtumia ujumbe wa kumtia moyo kuhusu Akkermansia wake aliyepotea.